Dada Vioo Aweka Kitambaa Chini

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, mwenzetu tuliyemzoea kwa jina la Dada Vioo anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu miaka thelathini na miwili. Mhariri wa jarida hili aliniomba niandike wasifu wake kwa sababu nimefanya kazi pembeni yake miaka kumi na tisa. Nilikubali, ila nilimweleza mapema kwamba mimi si shahidi mzuri. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa namwonea wivu wa wazi kabisa.

Aliajiriwa kufagia sakafu. Mwaka wake wa pili, magari yote ya kampuni yalitakiwa kutolewa stika za zamani za ukaguzi kwenye vioo, na mafundi wakawa wanazikwangua kwa bisibisi na kuacha mikwaruzo. Yeye aliomba gari moja, ndoo ya maji ya uvuguvugu na kipande cha sabuni. Aliilowesha karatasi ya stika, akaisubiri ilainike, akaitoa. Gundi iliyobaki aliipaka mafuta ya kupikia, akaipa muda, akaifuta, kisha akamalizia kwa spiriti. Kabla ya wiki kuisha alikuwa amekabidhiwa vioo vyote, na ufagio ukaenda kwa mtu mwingine.

Wembe anautumia kwenye kioo cha mbele tu, kikiwa kimelowa, tena kwa kuulaza. Kioo cha nyuma, chenye zile nyaya nyembamba za kuondoa ukungu, wembe haukigusi. Akimaliza hufumba macho na kupitisha mgongo wa vidole juu ya kioo. Vidole vikikwama mahali, anaanza upya. Wateja walipenda sana kumtazama akifanya hivyo. Mimi nilikuwa nageuka upande wa pili.

Wengi mnamkumbuka yule bwana aliyenunua gari lililobandikwa tangazo la GARI LINAUZWA kwa gundi ya viatu. Kila akisimama njiani watu walimgongea dirisha kumuuliza bei, na mkewe akaanza kuamini kwamba kweli ana mpango wa kuliuza. Mafundi wawili walishindwa. Dada Vioo alikaa nalo kuanzia asubuhi hadi mchana, kioo kikatoka kama cha dukani. Bwana yule alituletea wateja sita, na wote sita walifika wakimuulizia yeye. Wa kuniulizia mimi hakuwepo hata mmoja.

Amekuwa mfanyakazi bora mara nne. Mara tatu kati ya hizo mshindi wa pili alikuwa mimi, na vyeti vyangu ninavyo nyumbani, nimevifungia kabatini. Mimi nilijulikana kwa kasi. Waliniita Chapchap, na nililipenda sana jina hilo mpaka siku nitakayoisimulia hapa. Yeye mwenyewe ameniruhusu. Aliniambia, “Andika yote, mdogo wangu, usijipunguzie.”

Nilikuwa na miaka saba kazini. Asubuhi moja alikuja mwalimu mmoja aliyefiwa na mumewe miezi michache kabla. Gari la marehemu lilikuwa limepata mnunuzi, na lilitakiwa kukabidhiwa saa kumi jioni siku hiyohiyo. Kwenye kioo cha nyuma kulikuwa na stika kumi na moja, safu mbili. Marehemu alikuwa akijitolea kutoa damu kila mwaka, na kila mwaka alipewa stika moja. Mwalimu alizitaka zitoke zikiwa nzima, akaziweke kwenye albamu. Aliahidi kurudi saa tisa.

Dada Vioo alikuwa amekwenda kupimwa macho. Meneja akaniambia, “Gari hili lisiguswe mpaka Dada arudi.”

Maneno yale yaliniwasha kama pilipili. Nilijiona nikimkabidhi mwalimu stika zake zote kabla Dada hajarudi, na meneja akishuhudia. Nikachukua wembe, na kwa kioo cha nyuma! Nikaanza na stika ya kwanza, ile kuukuu kuliko zote. Ilitoka vipande vinne. Nikavitia mfukoni, nikakaa juu ya ndoo nikijifundisha kusema kwamba stika zilikuwa kumi tangu mwanzo.

Dada aliporudi alilizunguka gari mara moja tu, akasimama mbele ya kile kiraka cha gundi.

“Hapa palikuwa na kitu,” akasema.

“Sijui, Dada.”

Hakubishana nami. Alinyoosha kiganja akasubiri, mpaka mimi mwenyewe nikaingiza mkono mfukoni na kumpa vile vipande. Nilitegemea atanigombeza, au atanifichia. Hakufanya lolote kati ya hayo.

“Mwenyewe anakuja saa tisa,” akasema. “Utamwambia wewe. Mimi nitasimama hapo.”

Kisha akachomeka mashine ya kukaushia nywele na kuanza kuipasha moto stika ya pili. Akainua kona kwa ukucha na kuivuta polepole, akiikunja ijirudie yenyewe, huku joto likiifuata. Kila iliyotoka aliilaza juu ya karatasi ya nta. Zilitoka zote kumi bila hata kona moja kuchanika. Nilisimama pale saa nzima nikimtazama, na wivu wangu haukupungua. Uliongezeka, kwa sababu nilikuwa naona kwa macho yangu kwamba mikono yangu haiwezi. Mwishoni alivipanga vile vipande vinne vikaungana, lakini mipasuko ilionekana.

Saa tisa mwalimu akafika.

“Mama, hii nimeichana mimi,” nikamwambia. “Niliambiwa nisubiri, sikusubiri.”

Aliiangalia ile mipasuko. “Kwa nini hukusubiri?”

Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari. Lakini Dada alikuwa amesimama palepale alipoahidi kusimama, nikashindwa. “Namwonea wivu huyu dada,” nikasema. “Nilitaka sifa ziwe zangu.”

Mwalimu akacheka, jambo ambalo sikulitegemea. “Hii ni ya mwaka wa kwanza,” akasema. “Alizimia kabla sindano haijamgusa. Wakampa stika wamtulize.” Halafu akaacha kucheka. “Hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote.”

Akazichukua zote kumi na moja, akamshika Dada mkono, akaondoka. Kwa meneja nilikwenda mwenyewe na nikapewa barua ya onyo. Miezi miwili sikugusa kioo, nilikuwa wa kuosha tairi tu. Siku ya kwanza baada ya miezi hiyo miwili Dada alinipitia pale kwenye tairi akaniambia, “Acha kukata ukucha wa gumba. Jumatatu tunaanza.” Na Jumatatu tulianza.

Leo karakana ina watu wanane wanaosafisha vioo, na wote wamepita mikononi mwake. Ni miaka kumi na moja sasa hatujalipishwa kioo hata kimoja kilichokwaruzwa. Mimi nimekabidhiwa kiti chake, na ninaweza kutoa stika nzima tisa kati ya kumi. Yeye hutoa kumi. Wiki iliyopita mteja aliposikia kwamba anastaafu, aliniangalia juu hadi chini, akauliza kama anaweza kuleta gari kabla ya Ijumaa. Nilitabasamu kwa adabu. Moyoni sikutabasamu.

Dada, kwa niaba ya meneja, mafundi, wahasibu na walinzi, ahsante kwa kila kioo na kwa kila mtu uliyemnyoosha bila kumvunja. Nenda ukapumzishe mikono, macho yako yaendelee kuona vizuri, na afya isikuache. Tumesikia unahamia kwa dada yako mkubwa, ambaye ana ua mpana na hajawahi kumiliki gari. Tufikishie salamu zetu kwake. Mwambie pia kwamba kuanzia Jumatatu ijayo, atakapokuwa anakunywa nawe chai ya saa nne, kuna mtu huku anamwonea wivu.