Ardith Schoenrock na Kituo cha Mpiga Kura Mmoja

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, Bi Ardith Schoenrock, Naibu Karani wa Kaunti ya Wessler, atafunga droo yake kwa mara ya mwisho. Aliifungua mara ya kwanza Jumatatu, tarehe 4 Juni 1984. Ni miaka arobaini na moja kasoro siku tano, na anayemfahamu Ardith anajua kwamba siku hizo tano angetaka zitajwe.

Alipoajiriwa, jengo hili la kaunti lilikuwa na watumishi kumi na mmoja. Leo tumebaki wanne, na kuanzia Jumatatu tutakuwa watatu. Ghorofa ya juu tumeifunga ili tusipashe moto vyumba vitupu. Ukipiga chafya kwenye ofisi ya hati za ardhi, mweka hazina anakutakia afya kutoka upande wa pili wa jengo. Ndani ya ukimya huo Ardith ameendesha chaguzi themanini na tatu, kubwa na ndogo, bila kupoteza karatasi hata moja ya kura. Katika dhoruba ya theluji ya mwaka 1996 alileta sanduku la kura la Marne Mashariki akiwa ndani ya greda la barabara, amelipakata sanduku, huku dereva akimlalamikia kwamba amekalia sandwichi zake. Mwaka 1998, kiti cha bunge la jimbo kilipoamuliwa kwa tofauti ya kura mbili, mawakili wanne walitoka makao makuu ya jimbo kuja kuhesabu upya. Walihesabu siku tatu na kupata jibu lile lile alilowapa Ardith walipokuwa bado wanavua makoti. "Kahawa ipo," aliwaambia, "lakini nambari haitabadilika."

Mtu hawezi kuandika habari za Ardith bila kuandika habari za Wilaya ya 126, wilaya yetu ya uchaguzi wa bunge la jimbo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mlango wake. Babu zetu walipopewa wilaya hii ilikuwa kaunti moja tu, hii yetu, ikiwa na watu zaidi ya elfu tisa. Mwakilishi wao alikuwa mtu ambaye ungeweza kumfokea kupitia mlango wa zizi, naye akakufokea vilevile. Kisha vijana wakaanza kuondoka, mashamba yakaungana, shule zikafungwa, na kila baada ya miaka kumi wachora ramani wakaivuta wilaya yetu kama unga uliokandwa usiotosha sufuria. Kaunti moja ikawa tatu. Ardith alizikuta tatu, akaziona zikiwa nne, kisha sita, na sasa ni tisa. Katika kaunti yetu tumebaki watu elfu moja na mia nane, ndani ya wilaya ambayo ukiivuka kwa gari kutoka ncha hadi ncha utahitaji kujaza tangi mara mbili.

Mwakilishi wa kwanza ambaye Ardith alimhudumia, marehemu Orval Kessinger, alikuwa akija kila Jumatatu na kuketi kwenye kiti kile chenye mguu uliofungwa waya, akiuliza, "Haya, leo nani ananichukia?" Ardith alimpa orodha, naye aliwatembelea wote kabla ya Ijumaa. Bi Maxine Trubey, aliyemfuata, alikuja mara moja kwa mwezi. Huyu wa sasa, sina ugomvi naye, anaishi mwendo wa saa tatu na nusu kutoka hapa, na uso wake tunaufahamu kutokana na kalenda anayotutumia Desemba. Kiti cha Orval bado kipo. Ardith hakuruhusu kitupwe.

Wanaoitetea hali hii hutuambia kwamba haki ni hesabu: mtu mmoja, kura moja. Nakubali hesabu hiyo, na ningepigana na yeyote anayetaka kuiondoa. Ila naomba wale wanaoitamka kwenye hotuba waje waone jinsi ilivyotimia huku kwetu, neno kwa neno, kwenye Kituo cha Plum Kusini.

Kijito cha Plum kilihama. Mafuriko ya mwaka 1965 yalikitoa kwenye njia yake ya zamani na kukipitisha robo maili upande wa mashariki, na kila mtu hapa anajua hivyo, hata ng'ombe. Mwaka 2012, watu waliochora ramani mpya waliamua kwamba mpaka wa Wilaya ya 126 ufuate kijito, wakachora kijito kilichokuwa kwenye karatasi zao. Kati ya kijito kilichokufa na kijito kilicho hai kuna kipande cha ardhi chenye nyumba mbili. Moja ilikuwa ya familia ya Novak, na haikuwa na mtu tangu mwaka 2003. Nyingine ni ya Delmar Vrana. Kalamu ikapita, na Delmar akajikuta ndani ya Wilaya ya 119, mtu pekee wa kaunti yetu nzima aliyekatwa kutoka 126. Kwa kuwa wilaya yake ni tofauti, karatasi yake ya kura ni tofauti. Kwa kuwa karatasi yake ni tofauti, kituo chake ni tofauti. Na sheria inasema matokeo ya kila kituo yachapishwe.

Ardith aliliona tatizo mwezi wa saba, miezi minne kabla ya kura. Aliandika makao makuu akaomba matokeo ya Plum Kusini yaunganishwe na ya kituo cha jirani. Akajibiwa kwa sentensi moja kwamba kila kituo kina matokeo yake. Akampigia simu mwakilishi wa Wilaya ya 119, mtu wa mjini, mcheshi.

"Bwana, una mpiga kura mmoja huku kwetu."

"Mmoja wa nini?"

"Mmoja. Anaitwa Delmar."

Yule bwana alicheka mpaka akakohoa. Desemba hiyo Delmar alipokea kadi ya sikukuu iliyoandikwa "Kwa familia zote za Wessler".

Novemba 2012 Delmar alipiga kura, kama alivyofanya tangu alipotimiza umri. Jumatatu iliyofuata, baada ya uhakiki, Ardith aliandika matokeo kwa mashine, mstari kwa mstari, na gazeti la wiki likayatoa. Kaunti nzima ikasoma karatasi ya Delmar Vrana kuanzia rais mpaka kodi ya zimamoto. Kwenye mkahawa wa ushirika walimpokea kwa makofi.

"Mheshimiwa Delmar! Umeshinda kituo kizima, asilimia mia kwa mia!"

"Na waliojitokeza pia ni asilimia mia. Hongera, mzee, watu wako wana nidhamu."

Naye alicheka nao, mpaka mtu mmoja alipofika kwenye mstari wa udiwani. Mwaka ule mdogo wake, Ladislav, tuliyemwita Laddie, aligombea udiwani wa kaunti. Laddie alishinda kwa kura mia mbili na kumi na mbili. Katika Plum Kusini, Laddie Vrana alipata sifuri. Mpinzani wake alipata moja.

Laddie alikuwa ameketi pale pale na kikombe chake. Walioshuhudia wanasema alilisoma gazeti mara mbili. "Kaka," alisema, "hata wewe?"

"Wewe ni mdogo wangu," Delmar akajibu, "lakini kujumlisha hujui, Laddie. Tangu shule ulikuwa hujui."

Watu wakacheka. Laddie hakucheka. Aliweka kikombe chini, akatoka, na ndugu hao wawili, waliopanda ngano kwa trekta moja kwa miaka thelathini, hawakusemezana tena. Laddie alifariki mwaka 2019. Baada ya mazishi, kwenye ukumbi wa kanisa, maandazi matamu ya kolache na sahani za viazi zikiwa mezani, Delmar alisimama nyuma karibu na makoti, akaondoka kabla ya kahawa kumiminwa.

Niliwasikia watu wakisema Delmar alikuwa na makosa, kwamba mtu humpigia nduguye. Naona aibu kwamba watu wazima wanaweza kusema hivyo. Karatasi ya kura ndiyo mahali pekee duniani ambapo mtu anaruhusiwa kumpenda nduguye na kumkataa papo hapo, bila kumuumiza. Pazia lile la kitambaa chakavu kwenye kibanda cha kura limeokoa ndoa nyingi katika kaunti hii, na undugu mwingi, na urafiki ambao bila hilo ungevunjika kila miaka miwili. Delmar alinyang'anywa pazia na watu wasiojua kwamba kijito kilihama. Ardith hajawahi kuwataja hao. Alikuwa akisema tu, "Mimi ndiye niliyeandika ule mstari. Mimi ndiye niliyemvua nguo."

Delmar hakupiga kura tena. Kila uchaguzi Ardith aliagiza karatasi za Plum Kusini, na mchapishaji akachapa ishirini na tano kwa sababu hachapi chini ya hapo. Kila uchaguzi, siku yake ya mapumziko, aliendesha gari maili thelathini na nane mpaka kwa Delmar na karatasi ya mfano na fomu. Delmar alimkaribisha, akawasha jiko, akaweka kikombe cha kahawa juu ya fomu. Walizungumza habari za mvua. Ardith alirudi. Na katika kila uhakiki alisoma kwa sauti mbele ya madiwani: "Plum Kusini, sifuri." Tuliokuwa naye tulijifunza kutomtazama wakati huo.

Alikuwa akisubiri ramani ya mwaka 2022. Alipeleka picha za kijito. Alipeleka barua kumi na nne, na ninazo nakala zake zote. Ramani mpya ilipokuja, mstari wa zamani ulikuwa umenakiliwa kama ulivyo. Januari mwaka huu sheria ilimtaka afute jina la mtu yeyote asiyepiga kura kwa miaka mingi na asiyejibu kadi. Alilifuta la Delmar kwa mkono wake, kwa penseli ile anayoiweka juu ya sikio. Kituo cha Plum Kusini kikabaki na ardhi, upepo na wapiga kura sifuri. Siku hiyo Ardith hakula chakula chake cha mchana. Alikaa kwenye kiti cha Orval, akiwa amevaa koti, mpaka saa ya kufunga.

Ardith ni mjane tangu Wendell alipofariki miaka tisa iliyopita. Watoto wake wako Denver na wanamtaka ahamie kwao, kwenye chumba chenye jua. Sote tulidhani ataenda. Mwezi Machi alinunua nyumba ya akina Novak.

Wapo walioanza kunong'ona kwamba ni mambo ya mapenzi. Nawaomba wanyamaze, au wanipitie ofisini tuzungumze. Ardith mwenyewe ameeleza sababu kwa sauti ya mtu anayesoma kanuni: akiwa mtumishi wa uchaguzi asingeweza kuhamishia kura yake pale, kwa sababu angekuwa mpiga kura wa pili na mhesabu wa kura zote mbili. Sasa hatahesabu tena. Katika kituo chenye wapiga kura wawili, kura zikitofautiana, hakuna atakayejua ipi ni ya nani. Zikifanana, wote wawili wako uchi, na hilo pia analijua. "Ni nusu ya pazia," alisema. "Kwa miaka kumi na miwili amekaa bila hata uzi."

Aprili nilimsaidia kuhamisha samani, na nilikuwa nimeshika upande mmoja wa kabati wakati Delmar alipovuka barabara. Amezeeka. Alisimama kwenye ua, mikono mfukoni.

"Naona umepotea, Ardith."

"Sijapotea. Mimi ni jirani yako."

"Huku? Hakuna mtu huku."

"Ndiyo maana."

Delmar alilitazama kabati kana kwamba ndilo litakalomjibu. Kisha akauliza, polepole, "Na utampigia nani?"

"Hayo hayakuhusu, Delmar."

Niliwaza kuweka kabati chini lakini sikuthubutu. Kisha yule mzee akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi niliona meno yake.

"Basi na yangu hayakuhusu wewe."

"Sikukuuliza," Ardith akasema. "Shika hapo, huyu karibu aangushe kabati langu."

Jumanne ya wiki hii fomu ya kujiandikisha ya Delmar Vrana ilifika kwa posta, ikiwa na alama ya duara ya kikombe cha kahawa. Ardith alikuwa amekwisha kufungasha mihuri yake. Alifungua sanduku, akatoa mmoja, akaugonga. Katika miaka arobaini na moja, hiyo ndiyo hati yake ya mwisho.

Bi Ardith, tunakushukuru kwa kila nambari uliyokataa kuibadilisha na kila maili uliyoendesha. Karibuni wote Ijumaa saa nane mchana, ukumbi wa chini. Kutakuwa na pai ya rubabi, yale mabua machachu ya bustanini, na kiti cha Orval kitapelekwa Plum Kusini kwenye pikapu yangu, kwa idhini ya madiwani wote watatu. Tunakuombea kuni kavu, barabara iliyosafishwa theluji, na jirani mwenye kubisha hodi.

Na Novemba mwakani, gazeti litakapotoa mstari wa Plum Kusini, msije kutuuliza nani alimpigia nani. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2012, hatutajua.