Msumari wa Fyuzi

Treni ilikuwa tupu, nikasikia yote bila hata kunyoosha shingo. Mama mmoja alimweleza fundi umeme aliyekaa mbele yake kwamba fyuzi ya nyumba yao kuukuu ilikuwa ikikatika kila wakipiga pasi, mpaka mumewe akachomeka msumari mahali pake. "Haijakatika tena," alisema kwa fahari.

"Dada yangu, hiyo fyuzi ndiyo iliyokuwa inawalinda," fundi alisema. "Nyaya zimechoka. Ng'oeni zote." Mama akatikisa kichwa. "Alizitandaza marehemu baba mkwe kwa mkono wake. Mume wangu hataki ziguswe."

"Na ukuta, haupati moto?"

"Wa chumba cha watoto tu. Siku hizi hata blanketi hawataki."

Fundi akashika kichwa. Treni ikasimama, na mama akainuka. "Karibu nyumbani siku moja, kaka."