Wasifu wa Mwalimu Leokadia Ntirampeba, Aliyekagua Katikati ya Hoja

Mwalimu Leokadia Ntirampeba, ambaye leo tumekuja kumsindikiza, alizaliwa Busunzu, wilayani Kibondo, tarehe 14 Machi 1957, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Tarehe hiyo imo kwenye cheti cha ubatizo, ila mwenyewe hakuiamini sana. Mama yake alisema siku zote kwamba alijifungua watu wakivuna maharage, na Machi watu wanapanda. "Kuzaliwa nilizaliwa, hilo halina ubishi," alikuwa akisema. "Tarehe ni ya padri."

Alisoma shule ya msingi Busunzu kuanzia 1966 hadi 1972, akaenda sekondari Tabora hadi 1976, kisha akapata cheti cha ualimu hapa Kasulu mwaka 1978. Mdogo wake Ndayisenga, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, anazikumbuka likizo zake. Ukimwambia mvua itanyesha kwa kuwa vyura wanalia, anakuuliza kama jana hawakulia, na kama ilinyesha. Tuseme ukweli, nyumbani walimchoka.

Alianza kazi Januari 1979 katika shule ya msingi ya hapa mjini. Mwaka 1984 kioo cha dirisha la darasa la nne kilivunjika saa ya chakula, na aliyekuwa amebaki darasani ni binti mmoja tu, Shamsia Hashimu, mtoto wa mwenye duka. Mwalimu akamchapa fimbo mbili. Wiki iliyofuata, walimu wote wakitazama, beberu wa jirani alijiona kwenye kioo cha pili, akarudi nyuma, akakipiga kichwa. Kesho yake asubuhi Mwalimu alimwita Shamsia mstarini, mbele ya shule nzima. "Shamsia hakuvunja kitu," alisema. "Mwanzo niliujua, kioo kimevunjika na yeye yuko ndani. Mwisho nikautaka. Katikati nikajaza mwenyewe. Nisamehe, mwanangu." Wazazi waliosikia walishangaa, kwani mwalimu wa zama zile hakuomba radhi kwa mtoto.

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa wanafunzi wake walipewa kadi zilizokatwa kwenye maboksi ya sabuni. Kwenye kadi kulikuwa na sababu mbili na hitimisho moja, na mtoto alitakiwa kujibu maswali mawili: sababu ni za kweli? Na hata zikiwa za kweli, hitimisho linafuata? Alifanya hivyo kwa miaka thelathini na mitatu, hapa mjini na baadaye Kagerankanda, alikokuwa mwalimu mkuu hadi alipostaafu mwaka 2017.

Aliyekuja kuweka vioo vipya alikuwa seremala, Bazilio. Alizoea kuziona kadi zile, na siku moja akaacha ya kwake mezani: "Mimi sijaoa. Wewe hujaolewa. Kwa hiyo tuoane." Ilirudi na wino mwekundu: "Haifuati. Kasulu wasiooa ni wengi." Jumamosi iliyofuata Bazilio aliongeza sababu ya tatu: "Na kila nikipita shuleni kwenu nasahau ninakokwenda." Hiyo ilipata vema. Walifunga ndoa tarehe 26 Julai 1986, wakajaliwa watoto wawili, Fidele na Eudosia. Bazilio alitangulia mwaka 2014, na kadi ile tumeikuta ndani ya Biblia ya Mwalimu.

Baada ya kustaafu hakukaa. Kuanzia 2018 alijitolea kufundisha vijana katika kambi ya wakimbizi ya Nduta. Asubuhi moja magari matatu yalipita matupu, na kufika saa nne kambi nzima inasema kesho watu wanahamishwa. Kina mama walishaanza kuuza masufuria. Msichana wa darasa lake, Arielle, akasimama kati yao akauliza, "Gari tupu linakuja kuchukua watu tu? Haliwezi kuwa limeshusha?" Wakaenda kuuliza. Yalikuwa yameshusha mablanketi. Mwalimu alisimulia habari hiyo mpaka tukaijua kwa moyo, na kila mara alifurahi upya.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa. Katika misiba yetu hapa ndipo watu wanapovuta viti mbele, wasikie atatajwa nani. Basi sikilizeni vizuri.

Juni mwaka huu Shamsia yuleyule, sasa mama mwenye duka jirani na Mwalimu, alianza kumletea uji wa ulezi kila asubuhi. Hali ya Mwalimu ikazidi kudhoofika, na maneno yakaanza. Wateja wakawa wanaliruka duka lake. Akatumiwa salamu ahame mtaa kabla hajahamishwa. Jumamosi tarehe 9 Agosti ukoo ulikaa kikao, na aliyesema kwa sauti ni Ndayisenga.

"Dada ameanza uji wa huyu mama, tangu hapo anakwenda chini," alisema. "Na huyu mama alichapwa na dada bila kosa. Mnataka nini zaidi?"

Mwalimu, akiwa ameegemea mto, aliagiza daftari lake. "Soma hapo. Februari kumi na moja."

"Miguu imevimba," Ndayisenga akasoma.

"Uji umeanza lini?"

"Juni."

"Kwa nini aliniletea?"

"Kwa kuwa ulikuwa unaumwa, dada."

"Ego, ndiyo. Ugonjwa ndio umeleta uji. Na zile fimbo, wewe moyo wa Shamsia umeuona wapi?"

"Sijauona."

"Mwanzo unao, mwisho unao. Na katikati?"

Ndayisenga akalifunga daftari. "Nimejaza mwenyewe."

Mwalimu akaagiza Shamsia aitwe, akanywa kikombe kizima mbele ya ukoo, kisha akamwambia mdogo wake kwamba siku ya mazishi ni yeye atakayesoma aya hii, si mwingine. Ndayisenga aliona aibu. Leo anashukuru.

Mwalimu Leokadia alifariki Ijumaa tarehe 3 Oktoba 2025, saa mbili asubuhi, nyumbani kwake Kasulu, kwa ugonjwa wa figo. Ni figo, ndugu waombolezaji. Hakuna mtu. Shamsia ndiye aliyekuwa amemshika mkono.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, wanafunzi ambao hatukuweza kuwahesabu, na mdogo wake mmoja, aliyekosea na anayekiri mbele yenu. Ameacha pia Shamsia Hashimu. Kwa agizo la marehemu, Shamsia ataweka udongo pamoja na familia, na Ndayisenga ndiye atakayempa jembe.

Tunaomba apumzike kwa amani, na safari hii, Mwalimu, sababu tunazo, na hitimisho linafuata.