Chale za Ngoy na Maombi Yaliyosimama

Bwana apokee sifa zake asubuhi ya leo, ndugu zangu. Mimi ni Mama Odile, muuguzi wa zamani wa dispanseri ya reli. Wengi wenu niliwachoma sindano mukiwa wadogo, kwa hiyo musinikazie macho sana. Munanijua: si mtu wa kulia mbele ya watu, wala wa kuruka. Nitasema kwa mpangilio, kama ninavyotoa ripoti ya mgonjwa. Wengine wamesimama hapa wakashuhudia pepo waliotoka kwa maombi. Mimi ninashuhudia maombi yaliyosimamishwa, na kijana aliyebaki hai kwa sababu yalisimamishwa.

Kwanza niseme nilivyokuwa. Tangu niache kazi ya reli, kila mwanzo wa msimu timu ya mtaa wetu inaniletea wachezaji wapya niwapime kabla hawajapewa jezi. Napima moyo, napima presha, naangalia macho. Magoti nayashika kwa mikono miwili na kuyakunja polepole. Namwambia mchezaji achuchumae na kuinuka bila kushika kitu, kisha asimame kwa mguu mmoja mpaka nichoke mimi. Halafu namlaza chali na kumgusa tumbo. Mwisho naandika neno moja: apte, anafaa, ao inapte, hafai. Kochi wetu, Papa Kalenga, hajawahi kubishana na karatasi yangu.

Lakini nilijiongezea kazi nyingine ambayo hakuna aliyenipa. Munajua mambo ya uganga katika mpira wetu. Huyu anaficha kamba ndani ya soksi, yule anamwaga maji yake nyuma ya goli kabla ya mechi. Nikaanza kukung'uta viatu na kupekua mifuko. Mara mbili nilikuta kweli. Watu wakasema macho ya Mama Odile yanaona mpaka ndani. Nilisikia tamu, ndugu zangu. Nasema kweli mbele za Mungu, nilisikia tamu sana.

Mwanzo wa msimu uliopita beki wetu wa kati alituacha, akaenda kucheza Kolwezi. Papa Kalenga akatuletea Ngoy, kijana wa miaka ishirini, mtoto wa wavuvi kutoka pande za Kabondo-Dianda. Alikuja na mfuko mmoja. Kochi alikuwa amemwona huko akicheza bila viatu, na alinisifia kitu kimoja tu: huyu hageuzi mgongo mpira unapokuja. Mabeki wengi wanageuza. Ngoy anaupokea kwa kifua, kwa tumbo, kwa uso, kwa chochote alicho nacho. Kochi alimwahidi chumba nyumbani kwake na nafasi katika timu. Akifaa, abaki. Asipofaa, arudi kwa nyavu za baba yake siku treni itakapopita, na treni zetu munazijua.

Nikampima. Moyo ulikuwa wa taratibu, mzuri. Magoti safi. Mguu wa kushoto aliusimamia vibaya, lakini hiyo inafundishika. Ndani ya kope palikuwa peupe kidogo, damu haikuwa nyingi. Nikaandika, nikapita. Kisha akalala chali, akapandisha shati. Chini ya mbavu za kushoto palikuwa na chale, mistari mifupi myeusi, mistari ya zamani, safu tatu.

Nikamuuliza: "Nani alikufanyia hivi?"

"Ni kambo njo alinikata, mama. Nilikuwaka mutoto." Kambo, yaani mama mzaa mama yake.

Nikavuta mkono wangu. Ndugu zangu, mtu akija kwangu na jipu dogo namuuliza mpaka anachoka: lilianza lini, ulikula nini, nani mwingine nyumbani analo. Siku ile niliuliza swali moja tu, nikaona nimeshajibiwa. Hakuna muuguzi wa huku asiyejua kwamba bibi zetu wanachanja pale panapouma. Nilijua hilo kabla Ngoy hajazaliwa. Lakini sikuona mgonjwa, niliona mtu aliyetengenezwa kwa uchawi ili apate nguvu za mpira. Tumbo lake sikuligusa. Niliandika: inapte, mpaka aombewe. Aliitazama ile karatasi, akashusha shati, akakubali. Baadaye aliniambia alifikiri muuguzi anajua kuliko yeye.

Ijumaa baada ya saa tisa tukamlaza hapa hapa, kwenye mkeka, mbele ya mimbari. Pasta alikuwepo. Waombezi walikuwepo, nawaona wengine pale. Papa Shemasi alipiga magoti upande wa kushoto. Ninyi munaijua mikono ya Papa Shemasi, miaka yote aliunganisha mabehewa kwa mikono ile. Mimi nilikaa miguuni pa Ngoy, nikiimba.

Maombi yakapanda. Ngoy akaanza kutoka jasho na kusema inauma. Tukasema, eh, kumbe pepo inaanza kusikia! Tukaongeza sauti. Akasema tena inauma, akashika ubavu wa kushoto. Mmoja wetu akatangaza kwamba kitu kimejificha pale, kwenye chale, na lazima kisukumwe kitoke. Papa Shemasi akakunja mikono ya shati, akaweka kiganja juu ya kiganja, akajiandaa kukandamiza kwa uzito wake wote.

Nilikuwa bado naimba. Jua la madirisha lilikuwa linaingia kwa ubavu, na kutoka miguuni niliona tumbo lake likipanda na kushuka. Upande wa kulia ulishuka. Wa kushoto haukushuka. Kulikuwa na kitu kimelala pale chini ya chale, kigumu, kikubwa. Mikono yangu ilikijua kabla ya kichwa. Nikaacha kuimba. Na swali ambalo sikuliuliza siku ya kwanza likanitoka lenyewe.

"Ngoy, kambo alikukata juu ya nini, kwa sababu gani?"

Akafungua macho. "Juu ya tumbo, mama. Ilikuwa inavimba, hapa. Ikarudiaka tu."

Nikasema: "Papa Shemasi, toa mikono."

Hakutoa. Alifikiri ninajaribiwa. Mwombezi mmoja akaanza kunikemea mimi. Basi nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya katika nyumba ya Mungu: nilimshika shemasi wa kanisa kwa kola ya shati, nikamvuta nyuma. Akaanguka kwa makalio. Maombi yakasimama, tukasikia baiskeli zikipita barabarani.

Nikapiga magoti na kumgusa Ngoy taratibu, kwa ncha za vidole. Ilikuwa wengu. Kwa mtu mwenye afya, wengu haishikiki, imejificha ndani ya mbavu. Ya Ngoy ilikuwa imeshuka mpaka karibu na kitovu. Malaria ya kurudiarudia, na bilharzia, kichocho cha maji ya huko kwao. Wengu iliyovimba hivyo ikipigwa na mpira, ao goti, ao ikikandamizwa na mikono ya muunganisha mabehewa, inapasuka. Damu inamwagikia ndani, na mtu anakufa huku wanaomzunguka wanasema amelala katika roho. Niliwaambia hivyo, kwa maneno hayo.

Wengine walinung'unika kwamba Mama Odile amerudi nyuma katika imani. Lakini Pasta akasema: "Mama Odile, sema tufanye nini."

Pikipiki ingemrusharusha katika mashimo. Tulimlaza kwenye benchi la kanisa, lile la pili kutoka mlangoni, munaona lina mkwaruzo. Waombezi wanane walilibeba, Papa Shemasi mbele, bado ana vumbi kwenye suruali. Walitembea mguu kwa mguu mpaka hospitali. Sokoni wanaume walivua kofia, wakafikiri ni maiti. Ngoy akawa anawapungia mkono.

Daktari alimpiga ekografia, picha ya ndani ya tumbo, akaiona wengu nzima, haijapasuka. Akauliza kama kuna mtu aliyekandamiza tumbo hili. Pasta akajibu hapana. Daktari akasema basi mumshukuru Mungu wenu. Tulikuwa tumeshaanza.

Hapo hakuna muujiza wa dakika moja, ndugu zangu, na sitaki kuuongeza. Alikunywa dawa, akala majani na samaki, akalala chini ya chandarua. Papa Kalenga hakumfukuza chumbani, Mungu amkumbuke kwa hilo. Msimu mzima Ngoy alikaa kwenye benchi la timu bila jezi, akiangalia mabeki wengine wanavyokosea. Kila mwezi alikuja kwangu, nikapima kwa vidole: vidole sita chini ya mbavu, vidole vinne, vidole viwili. Kila mara aliuliza kama atacheza. Kila mara nilimjibu sijui, kwa sababu sikujua. Kuna mwezi alilia. Mimi nilitoka nje nikajifanya natafuta maji.

Wiki iliyopita alilala chali kitandani kwangu, akapandisha shati mwenyewe, akaushika mkono wangu na kuuweka juu ya chale.

"Njo hapa, mama. Pima."

Nilitafuta. Niligeuza vidole, nikamwambia avute pumzi, nikatafuta tena. Hakuna kitu. Imerudi ndani ya mbavu ilikoumbiwa. Daktari akampiga picha tena, akatia sahihi, na mimi nikaandika chini yake: apte. Mguu wa kushoto bado dhaifu, niliandika na hilo. Lakini sasa anasoma mchezo kabla haujamfikia. Kochi anasema ni kukaa benchi kulikomfundisha.

Munasema kijana alikombolewa, nami nasema amina. Lakini aliyefungwa zaidi ni nani? Yeye alikuwa na wengu. Mimi nilikuwa na sifa, na sifa ilikuwa imevimba kuliko wengu. Nimemwomba Ngoy msamaha, nimemwomba na Papa Shemasi. Kambo hayupo tena nimwombe. Mama yule hakujua kuandika. Alitaka atakayekuja baadaye ajue ugonjwa wa mjukuu wake uko wapi, akaandika pale alipoweza. Mimi nimesoma miaka minne shule ya wauguzi, nikashindwa kumsoma.

Leo saa tisa timu inacheza, na Ngoy anaanza. Bado hatageuza mgongo, na kila mpira utakaomwendea tumboni nitafumba macho. Kwa hiyo muniombee mimi.

Ndugu zangu, mtumainini Mungu, hata siku anapojibu kwa kuwanyamazisha. Na kama kuna mtu hapa ana alama mwilini ambayo anaificha akiogopa macho yetu, aje kwangu baada ya ibada, nitakuwa pale kwenye benchi lenye mkwaruzo. Sitamuuliza ni nani aliyemkata. Nitamuuliza panapouma.