Kilomita Hamsini na Nane za Anatory

Benchi la Omurushaka, lile linalotazamana na sheli, halijawahi kukosa jibu. Ni ubao mmoja wa mkaratusi juu ya matofali, na Benadeta na birika lake la kahawa pembeni, basi. Asubuhi hiyo sheli haikuwa na petroli tangu jana na pikipiki zilikuwa zimelala foleni. Anatory aliegesha gari mbele ya benchi, akaliacha linanguruma, akashuka ameshika kichwa. Mama yake alikuwa Kituntu, macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho. Madaktari wa macho waliotoka mbali walikuwa wanamaliza kazi leo hapa Omurushaka, kwenye shule ya jirani, na saa sita mchana wanafunga kuandikisha wagonjwa. Miaka minne Anatory aliisubiri siku hii, na leo ndiyo taa ya mafuta ikaamua kuwaka.

Lakini chini ya taa hiyo gari lilikuwa limeandika kwamba bado lina kilomita hamsini na nane.

– Shikamoo Mwalimu. Swali moja tu, niondoke. Kwenda kwa mama na kurudi ni arobaini na nne. Gari linasema hamsini na nane. Niliamini?

Lilikuwa swali la kujibiwa kwa neno moja. Bahati mbaya aliwauliza watu watatu ambao neno moja haliwatoshi: Mwalimu Eliud, mstaafu, ambaye kijiwe kinamwita Silabasi, Karekezi, mkulima wa kahawa aliyewahi kuwa utingo wa malori, jina lake hapa Mteremko, na Winston fundi redio, aliyejipachika mwenyewe cheo cha Injinia.

– Marahaba. Nenda! alisema Silabasi. Mjapani hadanganyi. Tena anapunguza. Akiandika hamsini na nane, ujue zipo themanini. Nyingine amezificha kwa ajili ya wazembe kama wewe.

Anatory akashusha pumzi, akageuka.

– Ngoja wewe! Mteremko akamdaka shati. Mimi nilitoka Songambele na shemeji yangu, gari limeandika thelathini. Tunamaliza ule mteremko, limeandika hamsini na mbili!

– Zilitoka wapi?

– Ndiyo nakwambia! Gari lilizaa mafuta njiani!

– Na mlipoanza kupanda?

– Tulipoanza kupanda tulisukuma.

Anatory alirudi mwenyewe akakaa. Mama yake asukumiwe gari kilimani, na madaktari wanafungasha?

– Basi nizime kwanza tuongee, alisema.

– Usizime! Injinia aliruka hadi kahawa ikammwagikia gotini. Ukizima, kompyuta inasahau yote. Ukiwasha inaanza kubahatisha upya. Tena washa kiyoyozi, petroli ipoe. Ikipata joto inapeperuka.

Siku nyingine Anatory angecheka. Leo alikuwa na hofu, akaenda akawasha kiyoyozi.

Simu ikaita. Dada yake, Evaresta.

– Mama amevaa tangu alfajiri. Amekaa nje anasikiliza barabara. Uko wapi?

– Nakuja.

– Fuso la Rwezaura linapakia ndizi hapa jirani, linakuja huko huko. Tumpandishe?

– Mama yangu apande na ndizi, na mimi nina gari? Hapana! Niko njiani.

Niko njiani, na magurudumu hayajazunguka hata mara moja. Aliona aibu, akaimeza pamoja na kahawa.

– Mimi birika langu nalitikisa tu, alisema Benadeta. Nikitikisa najua vimebaki vikombe vingapi.

Wakatazamana. Lilikuwa neno la akili. Wakainuka, wakaegemeza mabega kwenye gari, wakalitikisa huku na huku mpaka watu wa foleni wakasimama kutazama. Injinia akapiga magoti, sikio kwenye tanki.

– Unasikia nini?

– Sisikii kitu. Injini inapiga kelele sana.

Wakarudi kukaa. Benadeta akamimina tena, Silabasi akarudia habari za Mjapani kuanzia mwanzo, na jua likapanda. Anatory alipokwenda kuchungulia dashibodi alipiga ukelele wa msiba.

– Jamani! Arobaini na moja!

Wote wakakimbilia mlangoni, vichwa vitatu kwenye dirisha moja.

– Yesu na Maria! Ilikuwa hamsini na nane!

– Na halijasogea hata hatua!

– Kumi na saba zimekwenda wapi?

Anatory aliitazama namba tena. Akashika mlango. Gari lililosimama linawezaje kula barabara?

– Limeuona mlima, Silabasi alinong'ona. Kituntu imenyesha, setilaiti imeliambia. Limekata tamaa mapema.

– Gari gani linakata tamaa? alifoka Injinia. Huu ni mtandao! Simu yangu ikifika mpakani kule Kyerwa inashika mtandao wa Rwanda, saa inarudi nyuma saa nzima. Na hili limeshika. Linahesabu kilomita za upande wa pili.

– Kwani kilomita zao ni fupi?

– Nchi yenyewe ndogo!

– Ndogo, lakini ina lami, alijibu Mteremko, ambaye babu yake alitoka huko.

– Nyamazeni! alisema Anatory. Tazameni!

Namba ilikuwa imefutika. Pale ilipokuwa palibaki vistari vitatu.

– Vistari maana yake nini?

– Maana yake... Injinia alimeza mate. Maana yake zimekuwa nyingi, haziandikiki.

Hakuna aliyecheka, hata yeye. Ilikuwa saa tano na nusu. Anatory alimpigia Evaresta, simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Machozi yalikuwa karibu, na hakuona haya.

Ndipo Fuso la ndizi likasimama ng'ambo ya barabara. Rwezaura akashuka, akazunguka, akamteremsha bibi kizee aliyevaa gauni la kanisani, fimbo mkononi na majani makavu ya mgomba yamemganda begani. Akamvusha taratibu mpaka kwenye benchi.

– Mama! Nilikuwa...

– Evaresta alichoka kungoja, akanipandisha. Nimekaa vizuri tu.

Akageuza sikio upande wa gari. Alilijua kwa sauti, tangu sailensa ilipopasuka mwaka juzi.

– Anatory, gari lako si ndilo hili linalonguruma? Linanguruma kwa nini, na wewe umekaa?

Injinia alilitazama gari, akamtazama bibi, akalitazama gari tena, macho yakamtoka. Joto lilimpanda Anatory kutoka shingoni mpaka masikioni. Masaa mawili na nusu linaunguza mafuta limesimama! Na kiyoyozi!

Gari likakohoa mara mbili, likatetemeka, likazimika. Benadeta, kwa kukosa la kufanya, akatikisa birika. Nalo halikutoa sauti.

– Aa, limenyamaza, alisema mama, akanyoosha mkono hewani mpaka Anatory alipoushika. Haya waitu, jamani, shule iko upande gani? Twende kwa miguu.