Saini ya Shahidi

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la fundi saa, na asubuhi ile mwenye duka hakufungua. Alikaa nasi, kikombe cha kahawa mkononi, bila kunywa. Mkewe, nesi wa miaka kumi na tisa kazini, alikuwa amesimamishwa kazi. Wodini kwao dawa kali ya maumivu hukaa kwenye kabati lenye kufuli mbili. Anayeitoa lazima awe na mwenzake wa kushuhudia kipimo, kisha wote wawili watie saini kitabuni. Siku ya mkasa mkewe alikuwa akifunga kidonda cha mgonjwa mwingine. Mwenzake akamletea kitabu, naye akasaini bila kuitazama sindano yenye dawa, kama walivyozoea kusainiana. Kipimo kilikuwa mara mbili ya alichoandika daktari. Bibi mmoja aliyevunjika nyonga akalala siku mbili, akipumua kwa shida. Sasa baraza la wauguzi lilitaka maelezo yake kwa maandishi kufikia Jumatatu, na yule mwenzake alikuwa akimsihi aandike kwamba alikiona kipimo.

— Aandike aliona, — alisema Wakili, ambaye tunamwita hivyo kwa sababu aliwahi kushinda kesi ya ukuta na jirani. — Wakiwa wawili, kosa linagawanyika.

— Kosa si mkate, bwana, — alisema Redio, mpokea habari zote za mtaa.

Yeye alilaumu kiwanda cha dawa: vichupa vinafanana makusudi, manesi wanategwa. Wakili akapanda zaidi. Mwenye hatia ni aliyetunga fomu yenye nafasi mbili za saini kwa wodi yenye nesi mmoja na nusu, na huyo ndiye wa kufikishwa kizimbani. Tulicheka kidogo. Fundi Saa hakucheka.

— Akiandika aliona, amedanganya. Akiandika hakuona, leseni imekwenda. Tangu jana ameandika mstari mmoja, akaufuta.

Sikuweza kumlaumu mkewe. Nimesaini karatasi nyingi nisizozisoma, ila nyuma ya zangu hapakuwa na mtu kitandani.

— Hajaua mtu, ndugu yangu, — Redio alimwambia taratibu. — Bibi si aliamka?

— Aliamka.

Mwisho wa benchi alikaa mwanamke tusiyemfahamu, saa ya ukutani mapajani, akisubiri duka lifunguliwe.

— Mnisamehe kuingilia, — alisema. — Huyo bibi anajua kilichompata?

Redio akatazama barabarani. Pamoja na habari zote alizokuwa nazo, hiyo hakuwa nayo.

— Anajua alilala sana, — alisema Fundi Saa. — Aliambiwa ni uchovu wa ugonjwa.

— Na nani?

Aliweka kikombe chini.

— Na mke wangu. Bibi akamshika mkono, akamshukuru.