Maalim Uwesu Bakili, Imamu Ambaye Hawakumngoja Hata Afe

Ndugu waombolezaji, mimi ni Mahadhi, mdogo wake marehemu. Nimepewa kuisoma tanzia hii kwa sababu mwanawe hawezi kusoma bila kulia. Sikuahidi kuisoma kwa upole.

Maalim Uwesu Bakili alizaliwa Lindi mwaka 1918. Alisoma chuo cha Kurani kwa babu yetu, kisha shule ya serikali hadi darasa la nne. Mwaka 1941 alikuja Dar es Salaam, akawa kuli bandarini. Mwaka 1949 alimwoa Bi Sabaha wa Ilala.

Tangu 1956 alikuwa imamu wa msikiti wetu hapa Kariakoo, na kila baada ya Alasiri alifundisha tarikh, historia ya makhalifa: Abubakar alivyochaguliwa kwa mashauriano, Umar alivyowaachia watu sita waamue nani amrithi, Muawiya alivyowataka watu wampe mwanawe mkono wa utii, ukhalifa ukageuka ufalme. Jirani yetu Kantilal, Mhindu muuza vitambaa, alikuwa akisikiliza barazani. Siku ya kisa cha kuuawa Ali alifunga duka mapema. "Maalim, leo siwezi kuuza," alisema.

Mwanafunzi kipenzi wa kaka alikuwa Abbasi. Alimlea nyumbani kwake, akamwozesha.

Novemba 1975 ini lilimlaza kaka hospitali. Hapo Abbasi akasimama msikitini, akasema Maswahaba walimchagua khalifa kabla Mtume hajazikwa, maana umma haukai bila kiongozi, basi nasi tusingoje. Somo hilo alifundishwa na nani? Watu wakampa mkono wa baia, yaani kiapo cha utii, akawa imamu. Na imamu wao yuko wodini anakunywa uji.

Habari nilimpelekea mimi. Kaka akasema, "Mtume, rehema na amani zimshukie, walimngoja afariki. Mimi hata kufa hawakuningoja." Ilimuuma mpaka mwisho, na asije mtu hapa akasema vingine.

Nilimwambia tufungue msikiti mwingine, nusu ya watu watatufuata. Akakataa. "Hasan bin Ali alikuwa na jeshi, akamwachia Muawiya ili Waislamu wasiuane. Wewe Mahadhi una nini, makubadhi hayo miguuni? Nikifa, Abbasi anisalie. Watu wamekwishampa mkono."

Alifariki alfajiri ya Jumanne, 9 Machi 1976. Ameacha mjane, Bi Sabaha. Watoto wawili, Kijakazi na Bakili. Wajukuu wanne, na mimi. Mwenyezi Mungu amrehemu, ampumzishe kwa amani aliyonyimwa na watu wake.

Mimi sijasamehe. Abbasi, nimemaliza kusoma. Pita mbele, umsalie.